Balwant Singh na Mashine Iliyolia Kila Mahali

Watu wa Nakuru wanamjua Balwant Singh kwa mambo mawili: kilemba chake cha buluu na misumari ya bure. Ukinunua kilo moja, anapima kilo moja, halafu anachota kiganja kingine anatupia juu, anasema, "Hiyo ni ya kupinda," yaani badala ya itakayopinda ukipigilia. Mimi ndiye husimama kaunta hapo hadwea, duka lake la vifaa vya ujenzi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hiyo misumari ya kupinda imenikasirisha kuliko mume wangu. Jina langu ni Wanjugu. Yeye huniita Mama Shantel, kwa sababu Shantel wangu alijifunza kutembea akishikilia magunia ya simiti dukani.

Singh alizaliwa Nakuru, akasoma Nakuru, akaoa Nakuru, na Madhu mke wake alipofariki miaka miwili iliyopita, tulimsindikiza hapa hapa Nakuru. Mtoto ni mmoja tu, binti, Jaspreet, mfamasia huko Leicester, Uingereza. Tangu mama yake aende, Jaspreet hana wimbo mwingine. Papa aje Uingereza. Papa anaishi peke yake. Papa ana presha. Papa alianguka bafuni. Hakuanguka, aliteleza, na ni mimi niliyemwambia Jaspreet, na mpaka leo Singh hajanisamehe.

Januari Jaspreet akapiga simu ya video saa nne asubuhi, duka limejaa mafundi, akasema sasa anakata tiketi, maneno yameisha. Siku nyingine Singh angejifanya mtandao ni mbaya. Lakini siku hiyo alikuwa ameshika kitu kipya mkononi, na mwanaume akishika kitu kipya, akili inatoka nje kidogo kupunga hewa.

"Sikia Jaspreet, tufanye beti," akasema. "Mpaka Pasaka. Mimi nikitoa dhahabu kwa udongo ya hapa, mkono yangu mwenyewe, hata kidogo kama punje ya mchele, nabaki Nakuru na wewe hapana sumbua tena. Nikikosa, napanga nguo."

Jaspreet alicheka mpaka akapotea kwenye skrini. Aliporudi akasema sawa, amekubali. Mafundi wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu namjua huyo mzee: akitoa neno, ametoa. Akienda, duka linafungwa, na mimi nitabaki nikigombana na nani?

Kitu chenyewe alichoshika kilikuwa mashine ya kutafuta dhahabu. Ni fimbo ndefu, chini ina sahani bapa unayoipitisha juu ya ardhi, na ikisikia madini inalia. Alibadilishana na jenereta kwa jamaa mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kwenye mpini kuna kidude cha kuzungusha, kimeandikwa moja mpaka kumi, ndicho kinachopanga usikivu, yaani mashine iwe na masikio makali kiasi gani. Singh alikizungusha mpaka kumi, kikagonga mwisho.

"Singh, si uanze na tano?" nikamwuliza.

"Kwa nini tano? Iko kumi, nimepata kumi, natumia kumi. Wewe ukinunua gari ya gia tano, unaendesha na gia mbili mpaka Nairobi?"

"Na redio ukifungua yote si inapasua masikio?"

"Redio ni redio," akasema, akanipa mgongo.

Mahali pa kutafuta alikuwa napo tayari. Mteja wetu Kiprugut, mkulima wa Olenguruone, aliwahi kusema kuna kitu cha njano kinang'aa kwenye kijito chini ya shamba lake. Kiprugut mwenyewe anaapa alisema kinang'aa, hakusema ni dhahabu. Singh alisikia alichotaka kusikia. Akaomba ruhusa ya Kiprugut, akatafuta kibali ofisini mpaka akakipata, akakitia plastiki na kukitundika kwenye kioo cha pikapu.

Jumapili ya kwanza niliingia kwenye hiyo pikapu nikiwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Usiniulize kwa nini nilienda. Mtu wa presha anapelekwa milimani na nani, na fimbo? Yeye alikuwa ametoka gurudwara, hekalu lao, miguuni amevaa zile buti zetu kubwa za kiwandani zenye chuma kwenye vidole.

Tulifika, akaiwasha. Haki ya Mungu! Wiu-wiu-wiu! Krrr! Wiiii! Kuku wa Kiprugut walitimua mbio, mbwa akaingia chini ya ghala. Kila Singh alipoelekeza ile sahani, mashine ililia. Ikilia kushoto, inalia kulia, inalia ikiwa hewani.

"Mama Shantel!" akapiga kelele, macho yamemtoka. "Iko kila mahali! Tumeikanyaga!"

Na mimi, mtu mzima, mshiriki wa kwaya, nikajikuta nimefunga sketi kiunoni na nina jembe mkononi. Tulichimba hapo kama watu waliorogwa. Tukapata kifuniko cha soda. Tukapata kipande cha seng'enge. Tukapata misumari mitatu ya zamani, imepinda yote, nikamwekea Singh kiganjani.

Hakuvunjika moyo hata kidogo. Alisogea mpaka pembeni mwa shamba, na hapo mashine ikabadilisha sauti. Tik. Tik. Tik. Kila sekunde, tik. Singh akapiga magoti.

"Hii ni mshipa," akanong'ona. "Sikia. Iko na mapigo."

"Dhahabu ina mapigo?"

"Nyamaza!"

Tulifuata huo mshipa hatua sitini, tukiweka vijiti vya alama. Ulikuwa umenyooka vizuri ajabu. Kiprugut akatokea na ndoo ya maziwa, akasimama, akavitazama vile vijiti.

"Mzee," akasema kwa heshima, "hiyo ni stima ya ng'ombe. Ya ua."

Singh hakuamini. Ilibidi Kiprugut aende akazime ua wake wa stima, zile nyaya za umeme za kuzuia ng'ombe. Mshipa ukafa papo hapo. Singh akasema, "Washa tena." Akawasha, mshipa ukafufuka. "Zima." Ukafa. Kufikia mara ya tatu nilikuwa nimekaa chini kwenye mavi ya ng'ombe nikicheka, siwezi kusimama, na Singh amejishikilia kwenye fimbo yake analia machozi ya kicheko. Tangu Madhu aende, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nilifurahi mpaka nikasahau sketi.

Sasa, kilichotutia wazimu wenyewe kilikuwa kiganja. Ukishachimba mahali mashine imelia, huwezi kujua dhahabu iko wapi ndani ya udongo wote huo. Kwa hivyo unalaza mashine chini, maana isiposogezwa inatulia, unachota udongo kiganjani, unaupitisha juu ya sahani. Ikinyamaza, unatupa. Ikilia, unaweka. Kazi hiyo Singh alisema ni yake, si alisema mkono wake mwenyewe? Akachota, akapitisha. Wiii! Akachota kingine. Wiii! Kila kiganja, bila kukosa, wiii!

"Ni unga!" akasema. "Dhahabu ya unga, macho haiwezi kuona. Leta gunia!"

Jumapili nne tulijaza magunia. Kumi na moja. Kiprugut alikuwa akitufuata nyuma akidondosha mbegu za viazi kwenye mashimo yetu. "Endeleeni tu, wazee wangu," alikuwa akisema. "Mnanilimia vizuri sana."

Nyuma ya duka tulisafisha ule udongo kwenye karai, maji baada ya maji, na mwisho ukabaki mchanga mweusi tu. Singh alisema unga wenyewe ni mwembamba mno, utaonekana tu. Na alikuwa amebadilika, jamani. Mguu alioumiza alipoteleza bafuni uliacha kumsumbua. Alikuwa anafungua duka akiimba Kipunjabi, anakula chapati nne. Akampigia Jaspreet simu ya video akamwonyesha: kiganja, wiii! Kingine, wiii! Kicheko cha Jaspreet kikawa kidogo, kikaisha.

"Papa, nakuja nijionee," akasema. "Pasaka nitakuwa hapo. Na nakata tiketi mbili za kurudi."

"Kata!" Singh akasema. "Moja itaoza."

Jumatano moja alikuwa ameenda kwa daktari wake wa presha, mimi nafagia huko nyuma. Mashine ilikuwa imelazwa, imewashwa, ameisahau kama kawaida. Nikasema acha na mimi nionje utajiri. Nikachota udongo, nikapitisha. Kimya. Nikachota kwenye gunia lingine. Kimya. Nilijaribu magunia yote kumi na moja, kimya kabisa, nikafikiri betri imekwisha. Singh akarudi, akachota palepale nilipochota mimi. Wiii! Akanitazama kwa huruma, akasema mkono wangu hauna bahati.

Kisha nzi akaja. Singh akampunga, kiganja kitupu, juu ya sahani. Wiii!

Yeye hakugundua. Mimi niligundua. Mkono wake wa kulia una kara, ile bangili ya chuma ya Masingasinga. Amevaa tangu utotoni na haijawahi kutoka. Mashine ilikuwa inalia kwa sababu ya bangili. Jumapili nne, magunia kumi na moja, ni bangili.

Nilinyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza siku mbili nzima na nilikuwa na nia ya kuendelea. Jaspreet angekuja, mashine ingelia, Singh angebaki, duka lingebaki, kila mtu angefurahi, na mimi ningetubu polepole kwa wakati wangu. Lakini Ijumaa akaja na kalamu nene, akaandika jina kwenye gunia moja kubwa kuliko yote. SHANTEL.

"Hii ni ya mtoto," akasema. "Akimaliza shule, iko ya college."

Nilishindwa. Nikafura kama mtu aliyetukanwa. "Singh, ni mkono wako! Si udongo, ni mkono! Ni hiyo bangili, mzee wewe, tumebeba matope!"

Alinikodolea macho. Akapitisha mkono wa kulia mtupu. Wiii! Akapitisha wa kushoto. Kimya. Akarudia yote miwili. Kisha akakaa juu ya gunia la Shantel, akainama, na mabega yakaanza kutikisika. Woi, nikasema, presha. Nikakimbia kumshika. Alikuwa anacheka.

"Mama Shantel," akasema, hawezi kupumua, "nimebeba matope gunia kumi na moja kutoka Olenguruone!"

"Nimebeba mimi! Wewe ulikuwa unaimba!"

Tulicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. Tulipotulia nikamwambia basi aivue siku za kutafuta. Kicheko kikamwisha. Akasema hiyo haivuliwi, na si kwa sababu imebana, na si kwa dhahabu yoyote. Alisema kwa upole, nami nikaelewa.

"Basi mimi ndiye mkono," nikasema.

Nikaenda nikatafuta kitabu cha maelezo cha ile mashine. Kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Nikakisoma kwa sauti, Singh amekunja mikono kama mtoto anayesomewa ripoti. Kitabu kilisema kumi si ya kila mahali. Udongo wa volkano una chuma chake wenyewe, na ukiipa mashine masikio makali kupita kiasi, inausikia udongo, inasikia stima, inasikia simu yako mfukoni, na sauti ya dhahabu ndogo inamezwa humo. Punguza mpaka itulie. Shusha sahani karibu na ardhi. Tembea polepole.

"Kwa hiyo ukipunguza masikio, unasikia zaidi?" akauliza Singh. "Hiyo kitabu imeandikwa na mlevi."

"Tutajaribu," nikasema.

Jumapili iliyofuata tulijaribu. Simu tuliacha garini, Kiprugut akazima ua, Singh akavaa gambuti za mpira, na mimi nikatoa pini zote za nywele, kumi na nne, nikashangaa zilikuwa zinakaa wapi. Singh akatoa kwenye kikaratasi kipini cha Madhu, kile cha puani, dhahabu kidogo kama kichwa cha kiberiti. Nilikifunga kwa nailoni na uzi mrefu mwekundu, nikakifukia kina cha kidole kimoja, na ncha ya uzi nikaishika mwenyewe. Mimi si mjinga.

Singh akaweka kumi. Wiu-krrr-wiu! Kelele kila mahali, na juu ya kipini kelele ile ile. Nane, hivyo hivyo. Sita, ikaanza kukohoakohoa. Tano, ikakohoa mara moja moja. Akaweka nne. Ikanyamaza. Nilisikia kijito kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale. Singh akapitisha sahani polepole, inakaribia kugusa nyasi, akafika kwenye uzi wangu.

"Wii," ikasema. Kidogo tu, lakini safi.

Akarudisha. "Wii."

Akajaribu tatu. Kimya, hata kipini hakisikiki. Hapo masikio yalikuwa yamezibwa. Akarudi nne. "Wii."

Singh akavua miwani. "Madhu alikuwa anaongea hivyo," akasema. "Polepole. Na mimi napiga kelele dukani kutwa, nilikuwa namwambia sema tena, sikusikii."

Nilivuta uzi wangu, nikamfutia kile kipini kwa kitambaa changu cha kanisani, nikampa.

Jaspreet alifika Ijumaa Kuu na viatu vyeupe na tiketi mbili kwenye mkoba. Pasaka yenyewe mimi niliwahi ibada ya alfajiri, tukaondoka sote watatu kwenye pikapu. Singh alimweleza bintiye habari ya kara mwenyewe, njiani karibu na Keringet, hakuficha kitu. Jaspreet alicheka mpaka akaniegemea, akisema, "Anti, magunia kumi na moja? Kweli Anti?" Mimi nilicheka pia, lakini kwa ndani nilikuwa nahesabu saa. Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho.

Tulitafuta kutwa nzima, mashine ikiwa kwenye nne. Singh ndiye aliyepitisha mashine, mimi ndiye kiganja. Ililia mara tatu tu. Nati. Kipande cha jembe. Senti ya zamani yenye tundu katikati. Tulipofika kwenye kijito, ambako kelele za shambani hazikuwa zimetuacha tufike, tukakiona kile cha njano cha Kiprugut, kinang'aa kweli, vigamba vyepesi vinavyopeperuka ukivipuliza. Mashine haikusema kitu. Singh akarudia mara nyingi. Haikusema kitu.

Saa tisa mawingu yakashuka juu ya milima ya Mau. Singh akazima mashine, akailaza kwenye nyasi.

"Beti ni beti," akasema. "Nimekosa. Napanga nguo."

Akatoa funguo za duka mfukoni, rundo zima, akaniwekea mkononi. Akaanza kunieleza ya stoo ni ipi, eti mimi sijui, baada ya miaka ishirini na mbili. Hasira ilinipanda sijawahi kuona. Nikamgeukia Kiprugut, ambaye hakuwa amefanya chochote, nikamgombeza kuhusu viazi vyake. Maskini akasema pole. Singh akasimama tu akiangalia milima, na nilijua akisema neno moja zaidi nitalia mbele ya watu.

Ndipo tukasikia, "Anti! Anti, leta mkono wako!"

Jaspreet alikuwa ameondoka na mashine. Tulimkuta kule chini kando ya maji, amepiga magoti, vile viatu vyeupe vimekuwa rangi ya chai, nywele zimemwangukia usoni. Mkono wake wenye kara, kama ya baba yake, ameuficha nyuma ya mgongo, na wa kushoto anachimba kwa kijiko cha uji cha Kiprugut. Nikachota alichochimba, nikapitisha. Ikalia. Tukapekua. Kilikuwa kichwa cha msumari.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitupa kile kichwa cha msumari, akapangusa uso na kujipaka tope mpaka sikioni, akatazama ng'ambo ya kijito.

"Papa, na kule hamjapima?"

"Bado," Singh akasema. "Siku imekwisha, na beti imekwisha."

"Papa, tulisema mpaka Pasaka." Alikuwa ameshasimama, anatafuta jiwe la kuvukia. "Kuna mtu alisema ni Pasaka ya mwaka gani?"

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa, na Jaspreet tayari ana mguu mmoja majini, anasikiliza. Singh akanigeukia, ndevu zimelowa, na si kwa mvua tu.

"Mama Shantel," akasema, akinyoosha mkono, "hebu nirudishie funguo zangu."